Gramu Arobaini na Saba Nukta Nne

Siku ya kupima, Detlef Piontek alinyoa ndevu mara mbili. Alivaa shati jeupe la kanisani, ingawa kanisa lenyewe hakulikanyaga tangu binti yao aolewe. Akafuta meza ya jikoni kwa spiriti, akaweka mizani katikati, akaipima mizani yenyewe kwa vile vijiwe vya shaba alivyonunua kwa sonara. Ndipo akamwambia mkewe asipumue upande ule.

"Nipumue upande gani?" akauliza Roswitha.

"Upande wa dirisha."

Roswitha akageuza kiti. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, nyonga moja mbovu na ulimi mzima. Miaka arobaini na sita ya ndoa ilimfundisha kwamba fundi umeme wa mgodini akishika kipimo, hata kama mgodi wenyewe ulifungwa zamani na sasa ni makumbusho yenye duka la kahawa, ni heri umwache amalize.

Vyungu vilikuwa sita. Sheria ilisema wazi: kila mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu ya bangi nyumbani kwake, na akishavuna na kukausha asiwe na zaidi ya gramu hamsini. Kumpa mwenzio hairuhusiwi. Kuuza ndiyo usitaje. Detlef aliisoma sheria hiyo kwa rula na kalamu nyekundu, kisha akaandika DETLEF kwenye vyungu vitatu na ROSWITHA kwenye vitatu, asije mtu akasema wamechanganya. Na kwa kuwa alitaka gramu hamsini, si hamsini na moja, alikaa majira yote ya baridi akipiga hesabu ya mwanga: vitaa vingapi vya LED, juu ya bati la alumini la urefu gani, viwake saa ngapi. Taa aliilehemu mwenyewe katika chumba cha zamani cha binti yao. Wati mia na arobaini. Sabini zake, sabini za mkewe. Dukani zilikuwapo taa zilizo tayari, lakini ukimtajia hizo alikutazama kana kwamba umemshauri akaazime meno ya jirani.

Yeye mwenyewe hakuvuta. Harufu yake ilimtia kichefuchefu. Roswitha ndiye aliyetia kidogo kwenye maziwa ya moto kwa ajili ya nyonga. Detlef alitaka kupima tu.

"Detlef," akasoma lebo, kama anamwita mtu mwingine, akamimina bangi iliyokauka ya mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba zikapanda, zikapunguza mwendo, zikasimama. "Arobaini na tisa nukta nane."

Akavua miwani. Akaivaa tena. Namba ilikuwa palepale.

"Roswitha. Nilipiga hesabu mwezi wa kwanza, kwenye karatasi, kabla mbegu haijaota. Nikasema hamsini. Imekosea kwa punje."

"Hongera, mume wangu."

"Si hongera. Ni hesabu." Lakini masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha, na akajishika mikono yake miwili kama mtu anayejipongeza kwa niaba ya kampuni.

Kisha akamimina mitungi ya Roswitha. Mizani ikafika hamsini na haikusimama; ikapita kama treni ya mwendo kasi inavyokipita kituo chao. Sitini. Themanini. Ikatulia kwenye tisini na saba nukta nne.

Detlef akabadilisha betri. Akapima vijiwe vya sonara. Akapima tena. Tisini na saba nukta nne. Akafunga dirisha, akapima mara ya tatu, kisha akamtazama mkewe kama hajawahi kumwona.

"Wewe ni mhalifu," akasema.

"Kwa lipi tena?"

"Umezidisha gramu arobaini na saba nukta nne. Ingeishia sitini ningesema faini. Hii ni jinai."

"Basi nivue aproni, au watanichukua nayo?"

Detlef hakucheka. Kilichomkera hakikuwa jinai. "Taa ni moja," akasema polepole. "Udongo mmoja. Maji nayapima mimi kwa bomba la sindano. Inakuwaje vyako vizae mara mbili ya vyangu?"

Roswitha akageukia dirisha, akapumua upande ule alioelekezwa. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa chini, kwenye chumba cha stoo, nyuma ya kreti la viazi, ndani ya gunia.

Gunia la mavi ya njiwa. Njiwa wa mashindano, waliokuwa wa Detlef mpaka magoti yalipokataa ngazi ya darini na mtu mmoja kutoka Ubelgiji akaja na gari akawachukua wote. Detlef alimwambia mkewe atupe kilichobaki, na Roswitha akasema ametupa. Kisha ikaja hii miche. Mitatu ilikuwa na jina lake, na kila asubuhi aliiona ikipewa matone ya dawa kama wagonjwa wa wodi ya wazee, majani yamepauka, hakuna anayelalamika. Kwao Roswitha walilima bustani. Kitu chenye jina lake kufa njaa mbele ya macho yake, hilo hakuliweza. Basi kila Alhamisi, Detlef alipokwenda kunyooshwa magoti, yeye alishuka stoo, akaloweka kiganja kimoja cha mavi kwenye ndoo, akavinywesha vyungu vyake vitatu. Vya Detlef hakuvigusa. Jina si lake. Harufu? Katika chumba kile hata jibini lililooza lingepita bila kuulizwa.

Angemwambia palepale. Lakini yale masikio yalikuwa bado yana wekundu kidogo, na ni vigumu kumwambia mwanamume kwamba nusu ya sayansi yake imetoka nyuma ya njiwa.

Akanyamaza. Na hapo ndipo alipokosea.

*

Jumatatu Detlef aligawanya sakafu ya chumba cha taa kwa chaki, miraba ya sentimita kumi, akatambaa na kipimo cha mwanga kutoka mraba hadi mraba, magoti yakilia kama bawaba. Mwanga ulikuwa sawa kushoto na kulia. Jumanne alifungua taa yote, skrubu moja moja, akazipanga kwenye kitambaa, akaifunga tena. Ilikuwa taa ileile.

Kulikuwa na watu aliowaandikia kwenye kompyuta, wazee wenzake wa taa za kujijengea, kila mmoja na takwimu zake. Walipimana kwa gramu ngapi mtu anapata kwa kila wati moja, na mmoja wa mji wa Kiel alikuwa amefika gramu moja nukta moja mbili na hakuwaacha wenzake wasahau. Siku zote Detlef aliwajibu kabla ya chai. Jumanne hiyo hakuwajibu.

"Nimekosea," alimwambia Roswitha. "Na sijui nilipokosea. Fundi asiyejua alipokosea asishike umeme." Akazima taa, akafunga chumba, akatundika ufunguo.

Roswitha aliutazama ule ufunguo. Alijua kinachofuata.

Kati ya siku njiwa walipoondoka na siku sheria mpya ilipotoka, Detlef hakuwa na chumba. Alikuwa na jiko la mkewe. Miaka miwili alikaa kwenye kiti kando ya jokofu. Alipanga viungo kwa alfabeti, hata Roswitha akatia mdalasini kwenye supu ya dengu kwa sababu mkono wake ulizoea mahali, si herufi. Alibandika karatasi ya dakika za mayai. Hakuwa mkali hata kidogo, na afadhali angekuwa mkali. Alikuwa mpole, mwenye kusaidia, yupo. Yupo asubuhi, yupo mchana. Na usoni hakuwa na kitu, kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Tangu aanze taa, Roswitha alikuwa amepata vitu viwili kwa mpigo: mume mwenye uso, na jiko lisilo na mume.

Jumatano asubuhi mlango wa jiko ukafunguka. Detlef alikuwa na daftari.

"Nimefikiri," akasema. "Tuanze na jokofu."

Kufikia saa nne alikuwa amepima unene wa maganda ya viazi kwa koleo lake la kupimia vyuma.

"Milimita mbili nukta moja. Unajua maana yake? Katika kila viazi tisa, kimoja unakitupa."

Roswitha akaweka kisu mezani, polepole sana, makali yakielekea ukutani.

*

Mchana alikuja Ulla wa ghorofa ya chini, msusi mstaafu, na nusu ya keki ya plamu. Alikuwa mwanamke wa nywele za rangi ya karoti na hakuwa na siri hata moja, zake au za mtu. Wakakaa sebuleni, jambo ambalo halikuwa la kawaida; keki yao huliwa jikoni siku zote.

"Yumo?" akanong'ona Ulla.

"Anahesabu vijiko."

"Mungu wangu. Imerudi tena?"

Roswitha akamweleza yote, gunia na yote. Ulla akacheka hata akashika mbavu, kisha akawa makini ghafla. "Hizo arobaini na saba zilizozidi, shoga. Nitakusaidia. Nitajitolea."

"Kugawa ni kosa, Ulla."

"Basi usinigawie. Acha mlango wazi uende dukani."

"Huo ni wizi."

"Wizi ni wangu, wewe una kosa gani tena? Ninyi watu mna dhamiri mpaka kwenye soksi." Akakata keki. "Mwambie ukweli basi."

"Nikimwambia, atajua nilimdanganya kuhusu gunia. Na atajua taa yake imepitwa na njiwa. Njiwa wake mwenyewe, Ulla, wale aliowalilia. Amebaki na kitu kimoja cha kujivunia."

"Na usipomwambia?"

Sauti ya Detlef ikatoka jikoni, ya upole kabisa: "Roswitha! Kwa nini chumvi iko mahali pawili?"

Wanawake wakatazamana.

"Mwambie leo," akasema Ulla.

Lakini Detlef alikuwa amekwisha kuja mlangoni, daftari kwapani. Alimsalimia Ulla, akaitazama keki kwa jicho la mtu anayekadiria pembe, akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda ofisi ya mji. Nimeahirisha magoti."

"Kufanya nini?" akauliza Roswitha.

"Kujieleza."

"Nani amekuuliza?" Ulla alidakia. "Kuna mtu amekuuliza chochote?"

"Hakuna," akasema Detlef. "Ndiyo maana tunakwenda mapema."

*

Walipewa karatasi ya namba: mia na kumi na saba. Kibao kilisoma tisini na tatu. Detlef akafurahi, maana alipata muda wa kupanga upya faili lake: nakala za vitambulisho, mchoro wa taa, jedwali la kumwagilia, picha ya mizani, na karatasi ya mwisho yenye kichwa TAMKO LA MKE WANGU, ambayo Roswitha alitakiwa kuitia sahihi, naye akasema hawezi kuisoma kwa kuwa amesahau miwani. Miwani ilikuwa puani mwake.

"Ni kuhusu bangi yetu," Detlef alimweleza mama mmoja aliyemuuliza kama kiti kina mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida, yaani ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini kando ya mashine ya kupasua makaa ya mawe. Chumba kizima kikainua vichwa. "Ya mke wangu imezidi."

Mama akamtazama Roswitha kuanzia viatu vya tiba ya mifupa mpaka mkoba wa sufu. "Hongera," akasema.

Kijana mmoja wa viti vya nyuma akasema kwamba bibi akihitaji msaada yeye hana haraka. Watu wakacheka. Roswitha akatazama vidole vyake. Miaka yote aliyoishi mji huo hajawahi kuchelewesha hata kitabu cha maktaba, na leo anachekwa na kijana aliyetoboa pua.

Ofisa aliyewapokea aliitwa Overkamp, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye chupa ya chai na macho ya kutolala vizuri. Alimsikiliza Detlef mpaka mwisho, jambo lililochukua dakika kumi na moja.

"Mmeileta hapa?" akauliza kwa hofu.

"Hapana. Nje ya nyumba mtu anaruhusiwa gramu ishirini na tano. Nisingeweza kuibeba bila kuvunja sheria ya pili."

"Nani amewashtaki?"

"Hakuna."

"Majirani hawalalamiki?"

"Jirani anazitaka."

Overkamp akasugua paji la uso. "Bwana Piontek, nendeni nyumbani. Hizo zilizozidi changanyeni na machicha ya kahawa, mtie kwenye pipa la taka. Yameisha."

"Na stakabadhi?"

"Ya nini?"

"Ya kuziangamiza. Nitajuaje zimeangamizwa?"

"Utajua kwa sababu hazitakuwapo."

"Huo si ushahidi. Hata zikiibwa hazitakuwapo."

Ofisa akaegemea mbele. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu na babake. "Mzee wangu, nisikilize vizuri. Kalamu hii nikiishika, jina la bibi naliandika, na nikishaliandika linakwenda polisi. Nikiiweka chini, tumezungumza habari za mvua. Sasa nitazame mkono. Nimeishika, au nimeiweka?"

Detlef akaegemea, akatazama kwa makini. "Umeishika," akasema.

Roswitha akanyoosha mkono juu ya meza, akaichomoa ile kalamu kutoka vidoleni mwa serikali, akaitia mkobani, akafunga zipu. "Ameiweka," akasema.

Kisha Overkamp akashusha pumzi, akainuka, akafunga mlango, na aliporudi hakukaa kwenye kiti chake bali kwenye ukingo wa meza, karibu na faili. Akageuza ukurasa wa mchoro.

"Taa hii umeijenga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Wati sabini tu kila upande?" Akapiga mluzi mdogo. "Mimi nina miche mitatu. Taa ya dukani, ghali kuliko baiskeli ya mke wangu. Miezi minne, Bwana Piontek. Nimevuna gramu kumi na moja. Nyumbani wananiita mkulima." Alilisema hilo kama mtu anayeonyesha jeraha. "Ningeomba kuuiga huu mchoro."

Pale Roswitha alitegemea masikio yawe mekundu. Lakini Detlef alilivuta faili, akalifunga taratibu.

"Usiuige. Taa hii ina kasoro. Upande mmoja hamsini, upande wa pili karibu mia, na sababu siijui. Nimeizima. Mimi nilidhani najua mwanga." Akalainisha kona ya faili kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, kona ambayo ilikuwa imenyooka tangu awali. "Nilikuwa fundi wa chini ya ardhi, bwana. Labda huko giza lilinisaidia."

Roswitha alikuwa tayari kuchekwa ofisi nzima. Alikuwa tayari, akilazimika, hata kupimiwa maganda ya viazi. Lakini kumsikia mume wake akiikana taa yake mbele ya mtu wa gramu kumi na moja, hilo lilimshinda.

"Taa haina kasoro," akasema.

Wanaume wakageuka.

"Ni mavi ya njiwa."

"Bibi?" akasema Overkamp.

"Niliyaloweka kwenye ndoo, nikavinywesha vyungu vyangu. Kila Alhamisi. Vyako sikuvigusa, Detlef, na ndiyo maana vyako vimetoka vilevile ulivyosema. Arobaini na tisa nukta nane. Taa ilifanya kazi yake."

Detlef alimtazama. "Njiwa gani?"

"Wako."

"Gunia uliniambia umelitupa."

"Nilidanganya. Siku ile Mbelgiji alipowachukua hukula, huku umevaa koti ndani ya nyumba. Nikaona siwezi kutupa kila kitu siku moja."

Detlef alisimama, akachukua faili, akampa ofisa mkono, akashika mlango ili mkewe apite. Overkamp akawafuata mpaka kwenye korido.

"Bibi Piontek! Samahani, kalamu yangu."

"Ya kuandikia nini?" akauliza Roswitha, mkono ukishikilia zipu.

"Kipimo," akanong'ona ofisa. "Mavi kiasi gani kwa ndoo?"

*

Kwenye tramu Detlef alikaa dirishani na faili mapajani. Roswitha akakaa kando yake. Kituo cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu. Midomo ya mzee ilikuwa ikicheza kidogo bila sauti, na Roswitha akadhani anaomba, au analia kwa namna ile ya wanaume wa makaa, ambayo haitoi maji.

"Sema chochote," akamwambia. "Nitukane. Niite mwongo."

Akainua kidole kimoja: subiri.

Kituo cha nne. Roswitha alitazama maduka yakipita, akaona miaka yake iliyobaki yote imepangwa mbele yake kwa alfabeti. Atakaa pale kando ya jokofu. Hatasema neno baya. Atahesabu tu, siku kwa siku, mpaka mmoja wao afe, na huyo mmoja atakuwa yeye Roswitha, kwa viazi.

"Moja nukta tatu tisa," akasema Detlef.

"Nini?"

"Tisini na saba nukta nne, gawa kwa wati sabini. Gramu moja nukta tatu tisa kwa kila wati." Akageuka, na Roswitha akaona masikio. Yalikuwa mekundu mpaka ncha. "Yule wa Kiel ana moja nukta moja mbili, Roswitha! Ametusumbua tangu Pasaka!"

"Kwa hiyo hukukasirika?"

"Nimekasirika sana. Nitakasirika nikishamaliza. Nitegee sikio: ukiongeza mwanga bangi inazidi na sisi tunakuwa wahalifu. Lakini ukiupunguza? Nusu ya taa, na ile ndoo yako. Wati thelathini na tano kila mmoja. Tunapata arobaini na nane, arobaini na tisa. Halali kabisa! Na umeme nusu!" Watu kwenye tramu walikuwa wanageuka. "Mimi siku zote nilifikiri kuhusu kuongeza. Mgodini ulikuwa unaongeza. Sikuwahi kufikiri kuhusu kukata."

Aliinuka kabla tramu haijasimama, magoti yakalia, akamsahau mkewe kitini. Akarudi kumchukua.

*

Gramu arobaini na saba nukta nne ziliangamizwa mchana huo uani, kando ya mapipa ya taka, zikachanganywa na machicha ya kahawa ya siku tatu. Kwa kuwa serikali ilikataa kutoa stakabadhi, Detlef aliandika yake, na Ulla akaletwa kuwa shahidi. Alikuja na nguo nyeusi.

"Naomba dakika moja ya ukimya," akasema.

"Sekunde thelathini," akasema Detlef. "Mvua inakuja."

Ulla akaweka mkono kifuani mfuniko ulipofungwa, akatia sahihi huku akigeuza uso. "Watu wamefungwa kwa ajili yako," aliliambia pipa, "na wewe unazikwa na machicha."

Kisha Detlef akafungua chumba cha taa, akaishusha taa aliyoilehemu majira yote ya baridi, akaiweka juu ya viti viwili. Akapima katikati kwa rula. Roswitha, aliyekuwa jikoni peke yake, jiko lote lake, mlango umefungwa, alisikia msumeno wa chuma ukianza, akaja mbio kadiri nyonga ilivyomruhusu.

"Utaiharibu!"

"Naikata tu," akasema Detlef, unga wa alumini ukimmeremeta kwenye nyusi. Alikuwa akiimba, jambo ambalo hata njiwa hawakuwahi kumfanya alifanye.

Ilipokatika aliunganisha nyaya, akawasha, nusu ya taa ikawaka juu ya vyungu vipya. Hapo ndipo alipoleta mizani, na gunia, na daftari, na akakumbuka kukasirika.

"Sasa. Ulitia kiasi gani kwenye ndoo?"

"Kiganja."

"Kiganja si kipimo."

"Ndicho nilichonacho."

"Basi tutakipima. Chota."

Roswitha akachota kwenye gunia, akamwaga kwenye mizani. Gramu thelathini na moja. Akachota tena: arobaini na nne. Tena: thelathini na nane. Detlef akaweka kalamu chini, amechoka kama mtu aliyezungumza na wageni kutwa.

"Mwanamke, kiganja chako hakina msimamo."

"Kina miaka sabini na mmoja. Na hukukisalimia muda mrefu, labda kimesusa."

Detlef akafikiri juu ya hilo, kama afikirivyo juu ya kila jambo. Kisha akasogeza kiti, akaweka mkono wake chini ya mkono wa mkewe, akaushikilia uguse mizani kidogo tu, wazi, umejaa. Mkono wa Detlef ulikuwa mgumu, wenye makovu ya nyaya. Chembe za mavi makavu ya njiwa zikaponyoka kati ya vidole vyao.

"Usitetemeke," akasema.

"Ni wewe unayetetemeka."

Wote wawili wakainamia namba. Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Ishirini na tisa. Thelathini na mbili. Detlef hakuandika kitu, wala hakuondoa mkono.

"Itabidi turudie," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mpaka itulie."